Fundi Asiyepima Kifua

Mwanamke akija kushonesha gauni kwenye baraza la duka la Noordin, jambo la kwanza atakaloligundua kwa Fundi Thobias ni kwamba futi yake ya kupimia haifiki kifuani. Thobias atapima mabega, mkono, kiuno na urefu, na kila namba ataiandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Kisha ataitundika ile futi shingoni na kuinamia cherehani yake.

"Niletee blauzi yako ya zamani inayokukaa vizuri," husema. "Kipimo kilichobaki nitakitoa humo."

Hafidha, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, hakukubali kirahisi.

"Fundi, miaka yote unanipima. Leo kifua changu kimekuwa cha nani?"

"Chako, dada. Ndiyo maana nataka blauzi."

"Au mkeo kakukataza?"

Wanawake wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka. Thobias naye akacheka kidogo, kicheko cha kumaliza maneno. Noordin, mwenye duka, akainua kichwa kutoka kwenye majora ya vitambaa.

"Hafidha, lete blauzi. Usimsumbue fundi wangu."

Mke wa Thobias hakumkataza. Mkewe, Paskalia, ana miaka thelathini na mmoja, na tangu Januari ana titi moja.

Uvimbe ulionekana alipokuwa akimnyonyesha Evance, mtoto wao wa pili. Wakadhani ni maziwa yaliyoganda. Akaukanda kwa maji ya moto miezi miwili, hadi muuguzi mmoja wa kliniki alipouminya kwa vidole akamwandikia barua ya kwenda hospitali. Sindano ikachukua kipande kidogo, kipande kikapelekwa Dar es Salaam, na jibu likarudi kwamba ni saratani. Evance akaachishwa kunyonya ndani ya siku moja. Mpaka leo, akibebwa na mama yake, huingiza mkono ndani ya blauzi upande wa kushoto, akapapasa, akamtazama usoni kama anayedai kitu chake.

Siku ya pili baada ya upasuaji, Ijumaa, Thobias alikabidhiwa kindoo cha plastiki chenye mfuniko uliozungushiwa plasta. Ubavuni kiliandikwa jina la Paskalia. Ndani, kwenye dawa ya kuhifadhi, mlikuwa na titi lake.

"Utakipeleka mwenyewe maabara Dar," daktari alimweleza. "Jumatatu asubuhi kiwe kimefika. Majibu yake ndiyo yatakayotuambia ugonjwa umefika wapi na dawa gani itamfaa. Umenielewa, kaka?"

"Nimekuelewa, daktari."

Alikipeleka nyumbani, mtaa wa Mji Mpya, akiwa amekifunika kwa koti. Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, Bi Magreth, aliyeshuka kutoka milimani juu ya Mkuyuni kuja kuwaangalia watoto. Thobias naye ni Mluguru, amelelewa katika heshima ileile. Hakai mkeka mmoja na mama mkwe, hali naye sahani moja, na habari za mwili haziwezi kupita kati yao. Alisimama mlangoni, kindoo mkononi, akatafuta neno. Neno lilikuwapo, fupi, hata Evance analijua. Hakuweza kulitamka.

"Mama, huu ni mzigo wa hospitali," alisema. "Nauweka hapa chini ya meza. Tafadhali usiguswe."

"Mzigo wa nani?"

"Wa hospitali, mama."

Bi Magreth alisoma mpaka darasa la nne. Jina la mwanawe lilitosha.

Kesho yake asubuhi, Thobias akijiandaa kupeleka uji wodini, mama mkwe alimwita akiwa ameangalia pembeni, kama ilivyo desturi.

"Mkwe, huna kitambaa cheupe? Kipya, ambacho hakijafuliwa."

Mtu mwingine angeuliza cha nini. Thobias alifungua begi lake la kazi, akakata bafta yadi moja na nusu, akaketi kwenye cherehani yake ya nyumbani, akazipiga pindo kingo zote nne, maana aliona aibu kumpa mama mkwe kitambaa chenye nyuzi zinazoning'inia. Akampa kwa mikono miwili. Bi Magreth akashukuru, akasema anakwenda nyumbani kuangalia shamba na kesho atarudi, watoto atamwachia jirani. Nalo hilo Thobias hakuliuliza.

Jumapili jioni alikata tiketi ya treni, akarudi nyumbani, akainama chini ya meza. Akaona viatu tu.

"Mama," alisema, "ule mzigo?"

"Nimeupeleka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwao."

Thobias alikaa chini, juu ya mkeka uleule aliokalia mama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane.

"Mwanangu yu hai," Bi Magreth alisema taratibu, "halafu namwona nusu yake imefungiwa kwenye ndoo, chini ya meza, pamoja na viatu. Kitovu chake nilikizika mwenyewe mgombani, mahali pa ukoo wetu. Ulitaka hiki nikiache kwenye viatu? Wewe umemwoa, mkwe. Hukumchukua kwetu."

"Kinatakiwa Dar, mama. Kinapimwa. Bila hicho hawajui wampe dawa gani."

Mama mkwe alimtazama usoni, jambo ambalo naye hakuwahi kulifanya.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama?"

Asubuhi ya Jumatatu walipanda gari la kwanza la Mkuyuni, kisha wakapanda mlima kwa miguu, mama mbele na mkwe nyuma. Kwenye mgomba Thobias alishika jembe, lakini Bi Magreth akalichukua na kufukua mwenyewe. Ile dawa alikuwa ameimwaga kwenye mfereji kwa sababu ilikuwa ikinuka maiti, na maiti hakuwepo. Titi aliliosha kwa maji safi mara tatu, akalifunga kwenye bafta. Aliposimulia hayo hakujitetea. Alikuwa akitaja kazi aliyoifanya kwa uangalifu.

Daktari alifunua kile kifurushi mchana uleule, akakifunika haraka.

"Hapa hakuna kitakachosomeka," alisema.

Pindo la kile kitambaa lilikuwa zima, halijafumuka hata uzi mmoja.

Paskalia aliambiwa akiwa bado na mpira wa kutoa maji ya kidonda ubavuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishindwa kusema titi?"

"Mbele ya mama yako, Mama Anastasia."

"Mbele ya mama yangu, aliyenipa hilo titi. Basi nyinyi mna heshima. Mmeniheshimu mpaka nimebaki sijui kama nitapona."

Tangu hapo nyumba yao imekuwa ya maneno machache. Paskalia huongea na mumewe kupitia Anastasia, binti yao wa miaka sita: mwambie baba yako maji yamechemka, mwambie baba yako sili. Bi Magreth alirudi milimani, na kila Jumamosi hutuma mkungu wa ndizi kwa gari la Mkuyuni. Ndizi hupikwa na kuliwa. Shukrani hairudi.

Daktari hakuweza kungoja. Alianza kumpa dawa za dripu kwa kukisia, zile ambazo huenda zikafaa, na nywele zikamtoka Paskalia zote. Mwezi Machi Thobias alimshonea kifuko cha pamba laini, akakijaza mchele wa Dakawa ili kiwe na uzito, akakishikiza ndani ya sidiria. Alikadiria kwa macho tu, na kikamkaa sawasawa. Paskalia alikivaa kanisani Jumapili moja. Jumatatu Thobias alikikuta mezani kimefumuliwa, na sufuria ya wali pembeni.

"Mwambie baba yako," Anastasia aliagizwa, "mchele wa Dakawa haukai kifuani. Unaliwa."

Anastasia akamwambia baba yake, aliyekuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Thobias akala.

Lakini daktari yule hakulala. Aliandika barua kwa maabara iliyosoma kile kipande kidogo cha kwanza, cha sindano, akiuliza kama bado kipo. Barua ikazunguka wiki nyingi. Sasa masika yamekolea, na mawingu hayajauachia mlima kwa siku tisa, ndipo jibu limekuja: kipo, kimehifadhiwa, kinapimwa upya. Hakitasema ugonjwa ulikuwa umefika wapi. Hilo lilibaki mgombani. Kitasema kama saratani hiyo ni ya aina inayozuilika kwa vidonge vya miaka mitano, au siyo. Bahasha itakuwa tayari Alhamisi, na mwenye mgonjwa aifuate mwenyewe.

Leo ni Jumatano. Thobias amefunga kazi mapema, na Noordin amempa mfuko mgumu wa plastiki ili bahasha isilowe. Nyumbani amekuta ndoo ya maji ya kuoga imeandaliwa, na Paskalia ameketi kwenye kigoda, kilemba kichwani, akichambua mchicha. Anastasia alikuwa nje akicheza, na mama yake hakumwita.

"Baba Anastasia."

Thobias aligeuka. Hakuwa amesikia jina hilo kinywani mwa mkewe tangu Januari.

"Nimemtumia mama ujumbe kwa dereva wa Mkuyuni. Kesho atashuka."

"Sawa."

"Ukirudi na hiyo bahasha usiifungue njiani. Utaisoma hapa, kwa sauti, sote tukiwa tumekaa mkeka mmoja. Ikiwa imeandikwa titi, utasema titi. Ukiruka neno hata moja, usirudi tena ndani humu."

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

Akaendelea kuchambua mchicha. Ukutani, kwenye msumari, shati jeupe la Thobias lilikuwa limeshapigwa pasi, na tiketi ya treni ya alfajiri ikichungulia mfukoni.