Babu na Kibao cha Hamsini

Nikiri mapema: nilikuwa naenda mbio. Kibao cha barabarani kilisema hamsini, nami nilikuwa kwenye sabini na kitu, madirisha wazi, leso ya kichwani inapepea, na Babu kando yangu akigonga sakafu ya gari kwa bakora. "Kanyaga, mke wangu, kanyaga!" Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke na kumtania apendavyo, na mimi nilikuwa mke asiyepewa nafasi ya kupumua.

Haraka yenyewe ilikuwa ya Gongoni. Tulikuwa tunapeleka mahari ya binamu yangu, na msemaji wa upande wetu alikuwa Babu. Hotuba yake alikuwa ameipanga wiki nzima. Lakini tulichelewa kutoka Malindi kwa sababu ya duka langu, na mdogo wake Babu alikuwa ametangulia, mzee ambaye akiona watu wanne wameketi pamoja lazima asimame awahutubie. "Atanianzia maneno yangu," Babu alilalamika njia nzima. Basi nikakanyaga. Karibu tuingie Gongoni, afisa wa trafiki akachomoza nyuma ya lori la chumvi lililoegeshwa, akatupungia mkono tusimame. Alimwamkia Babu shikamoo kwa adabu zote, kisha akanionyesha namba kwenye kamera yake: sabini na tatu. Akaniandikia karatasi ya kufika kortini. Tulipofika kwa wakwe, mdogo wake Babu alikuwa anamalizia hotuba na watu wanapiga makofi.

Mimi ningeenda zangu kortini nikakiri, nikalipa faini, nikarudi dukani. Nilipotaja hilo neno faini, Babu alinitazama kama niliyetaka kuuza shamba la ukoo.

Babu alikuwa mkalimani wa korti mpaka alipostaafu. Alisimama kati ya hakimu na watu wetu wa bara, wasiojua ila Kigiriama, akichukua maneno huku na kuyapeleka kule. Na mkalimani hasemi "huyu anasema kwamba." Anasema "mimi." Mimi nilichukua mbuzi. Mimi sikumpiga, alianguka mwenyewe. Mimi naomba nihurumiwe. Kwa hesabu hiyo Babu ameiba mifugo ya nusu ya wilaya, amesogeza mipaka ya mashamba ya watu, ameomba msamaha mpaka sauti ikakauka, na hakuna hata kosa moja lililokuwa lake.

"Katika korti ile nimesema ya kila mtu," aliniambia. "Langu sijawahi kusema. Kabla sijafa nataka nisimame pale niseme neno langu mwenyewe, wanisikilize."

Basi karatasi yangu ya trafiki ikawa zawadi aliyoletewa na Mungu. Mpango wake ulikuwa huu: mimi nikane shtaka, kesi isikilizwe, na yeye, abiria wangu, aitwe shahidi. Kilichobaki ni kutafuta mwanya. Na mianya aliijua mingi, maana mawakili wa kila aina walikuwa wamepita mbele yake wakibishana.

Wa kwanza ulikuwa wa kamera. Ina cheti? Ilipimwa lini mara ya mwisho? Na huyo aliyeipima, yeye alipimwa na nani? Nilicheka, lakini niliandika. Wa pili ulikuwa wa lile lori la chumvi. Labda kamera haikutuona sisi, ilipima lori. Nilimkumbusha kwamba lori lilikuwa limeegeshwa na dereva wake yuko chini anakula mahamri. Babu akasema wa pili tuuweke kando.

Jirani yangu wa duka, mzee wa Kihindi anayeuza misumari na rangi, naye akatia lake. Yeye alizaliwa Malindi na hajawahi kukosa maoni. "Dada, sema matairi ni mapya," akanishauri. "Tairi kubwa, mshale wa spidi unadanganya. Ama sema umebeba mgonjwa. Mzee huyu hapa, mgonjwa tayari!"

"Mgonjwa wa nini?" Babu akauliza, amesimama wima kama mlingoti.

"Utachagua, mzee wangu."

Babu akakataa katakata. Mwanya si uongo, alieleza, huku amemnyooshea jirani bakora. Mwanya ni swali ambalo serikali imesahau kujibu. Uongo ni uongo, na yeye katika korti ile alikuwa ameapa kusema kweli mara nyingi kuliko alivyokula samaki.

Jumapili tukaenda kukikagua kibao. Babu aliapa kwamba kimefunikwa na matawi ya mkwaju, hivyo dereva hawezi kulaumiwa. Tukakikuta kinang'aa peupe kama sahani iliyosuguliwa. Mkwaju ulikuwepo, ila ng'ambo ya pili ya barabara. Babu hakukata tamaa. Akaniambia nisogee kushoto na simu nitafute mahali ambapo mti unakiziba. Nikasogea. Sogea tena. Nikaingia mtaroni. Inama. Lala. Nikalala kifudifudi kwenye mtaro wa Gongoni, gauni langu la kanisani limejaa mbigili, na hapo kweli kibao hakikuonekana hata chembe.

"Piga! Hiyo ndiyo picha!"

"Babu, nani huendesha gari amelala mtaroni?"

Mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita alisimama kuuliza kama tumepata ajali. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka, na Babu, aliyejitahidi kukaza uso kwa heshima ya sheria, akaishia kuketi juu ya tairi bovu akifuta machozi kwa kofia.

Tulibaki na mwanya wa kamera, na kwangu ulitosha. Siku moja kabla ya kesi, saa kumi za jioni, tukafanya mazoezi uani kwangu. Mimi nilikuwa mwendesha mashtaka, na kizimba cha shahidi kilikuwa ndoo iliyogeuzwa. Nikamuuliza anaishi wapi, akajibu. Nikamuuliza alikuwa wapi siku ile, akajibu vizuri sana, kwa sauti ya kortini iliyowafanya kuku wangu wanyamaze. Kisha nikamuuliza, "Shahidi, uliutazama mshale wa spidi?"

"Niliutazama."

"Ulikuwa kwenye ngapi?"

"Sabini na tatu."

"Babu!"

"Nimeapa."

"Hujaapa! Uko juu ya ndoo!"

Tukarudia. Nikamwelekeza aseme hakumbuki, na akakubali kwamba hilo ni jibu zuri, mawakili wengi hulipenda. Nikamuuliza tena. Sabini na tatu. Mara ya tatu alianza, "Sik…" halafu midomo ikakataa, akatoa namba ile ile, na safari hii akaongeza kwamba penye daraja tulifika themanini. Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliteremka kwenye ndoo taratibu.

"Kesho kubali tu, mke wangu," akasema. "Ukinifanya shahidi nitakufunga."

Hapo kicheko kiliniisha chote. Kukubali kulimaanisha hakuna kesi, na bila kesi hakuna shahidi. Alijua hivyo kuliko mimi. Hata hivyo asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa lile koti lake la kazini, limepigwa pasi, na kalamu mfukoni. "Nakusindikiza tu," akanijibu kabla sijauliza.

Kortini aliketi benchi la nyuma. Niliposomewa shtaka nilisikia midomo yake ikinong'ona nyuma yangu, anatafsiri kwa mazoea, na hakuna aliyemwomba. Hakimu akaniuliza, ni kweli au si kweli?

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Una la kusema kabla sijatoa adhabu?"

Na hapo ndipo nilipouona mwanya. Ulikuwa umekaa wazi muda wote ule na Babu, pamoja na ujuzi wake, hakuwahi kuutaja, labda kwa sababu ulikuwa wa waliokwisha kukubali makosa.

"Mimi sina, mheshimiwa," nikasema. "Ila abiria wangu analo. Naomba anisemee."

Hakimu akainua macho. Babu alikuwa amekwisha simama. Alikuja mbele, na miguu yake, bila kuulizwa, ikampeleka pale pale kando ya kizimba alipokuwa akisimama zamani. Hakimu akamuuliza yeye ni nani kwangu.

"Ni mumewe," Babu akajibu.

Korti nzima ikaangua kicheko. Babu akashtuka, akafafanua mbio mbio kwamba mimi ni mjukuu wake. Hakimu akapangusa miwani ili kuficha uso wake, akamwambia aendelee.

Nilitarajia hotuba. Nilitarajia kamera na cheti chake, lori, mkwaju na historia nzima ya sheria za barabara. Babu akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena.

"Mimi," akasema, akasimama hapo. "Mimi ndiye niliyemwambia akanyage. Nilitaka kuwahi kuzungumza mbele ya watu. Kosa ni langu."

Basi. Hayo tu. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Hakimu alinipunguzia adhabu, nikapewa faini ndogo na onyo. Kisha akavuta jalada karibu, akachukua kalamu.

"Jina lako nani, mzee? Niliandike."

Katika majalada yote ya korti ile, miaka yote ile, mahali pa Babu pameandikwa "mkalimani" tu. Akavua kofia. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, moja moja, polepole, na akangoja hakimu amalize kila moja ndipo ataje linalofuata.