Anayetuma Hajafa

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Labda zama zao ilikuwa hivyo. Wangekaa mwezi mmoja tu kwa Shida, pale Ndosho mjini Goma, wangeisikia simu yake ikilia kila mwanzo wa mwezi, inaleta pesa za mwanamume ambaye hayupo.

Shida ni muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu. Alfajiri hupanda pikipiki hadi Kituku, ufukweni mwa ziwa, kuwahi mitumbwi, akabishana bei mpaka wavuvi wamgeuzie mgongo, kisha akarudi na beseni lake kukaanga mbele ya nyumba. Anaishi na binti yake, Umi, na mama mkwe wake, Fatuma, bibi wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema. Fatuma hana masihara na mambo mawili, swala na chai, na chai yenyewe iwe na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko.

Mume wa Shida, Idrissa, alikuwa mpiga picha. Si wa harusi. Harusi alimwachia rafiki yake Kamate, mwenye studio barabarani, maana yeye hakuwa na subira na mabibi harusi. Idrissa alipiga vitu: lundo la kabeji kutoka Masisi, ukuta wa mawe meusi ya volkano, gurudumu la baiskeli ya mbao ya mizigo iitwayo chukudu, mikono ya watu kazini. Nyuso hakupiga. Kampuni ya ng'ambo iliyouza picha zake mtandaoni ilitaka kila mwenye uso atie sahihi, na watu wa Goma, kwa yaliyowapata, ukiwapelekea karatasi ya kusaini watakuuliza kwanza uko upande gani. Kwa hiyo mikono ya Shida imo kwenye picha zile, inamimina sambaza kwenye beseni la buluu, lakini uso wake haumo. Wa Idrissa ndio haumo kabisa.

Mlima ulipotema moto mwaka 2021, mji mzima ukakimbilia Sake, Idrissa peke yake akapanda kuelekea Buhene na kamera. Mama yake alimtukana njia nzima, ingawa hakuwepo kuyasikia matusi hayo. Picha za lava zilinunuliwa kama maandazi ya moto kwa wiki chache, kisha zikasahaulika. Zilizoendelea kununuliwa ni kabeji na mikono ya Shida. Dunia ndivyo ilivyo: msiba wako huutaka mara moja, kabeji huzitaka kila siku.

Januari ya 2025 waasi waliingia mjini. Maji yalikatika, umeme ukakatika, risasi zikapita juu ya mabati usiku na mchana. Zilipotulia kidogo Idrissa akachukua kidumu na simu yake, akatoka kwenda kuchota maji ziwani. Kamera aliiacha juu ya kabati, kwa kuwa siku zile kamera ingemponza. Hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Shida alimtafuta hospitali, misikitini, mochwari, na kwa waliovuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Hakupata aliyemwona akifa, wala aliyemwona hai.

Mwezi wa pili, mabenki yote ya mji yamefungwa, simu ya Shida ikalia. Alikuwa na laini ya Rwanda, na Idrissa alipanga zamani malipo ya picha yapitie hapo kwa jina lake, kwa sababu yeye alikuwa hodari wa kupoteza simu. Ujumbe ulisema: umepokea pesa, na chini yake jina la Idrissa.

Fatuma alisujudu palepale kwenye sakafu ya saruji. Majirani wakaja, wengine na pongezi, wengine na masikio tu. Shida naye aliamini, na tusimcheke. Yeye ni mtu wa samaki. Sambaza ukishaiuza umeiuza, huwezi kulipwa tena kesho kwa sambaza iliyokwisha kuliwa. Kwa miaka yote alimsikia mumewe akisema, "Nimetuma picha," kisha pesa zikaja. Kama pesa zimekuja mwezi wa pili, basi mwezi wa pili kuna mtu aliyetuma picha.

Baadaye Jumaine, kaka mkubwa wa Idrissa, dereva wa malori huko Kindu, alipiga simu. Alisema kwa upole kwamba muda unapita, marehemu aswaliwe swala ya asiyekuwepo, na Shida akae eda, ili baada ya hapo awe huru na maisha yake. Fatuma akaipokonya simu.

"Eda ya nani? Mutu mwenye anatuma franga hajakufa. Kama uko na hamu ya eda, kufa weye kwanza, bibi yako atakaa."

Shida alikuwa anageuza samaki, akainama ili asionekane anavyofurahi. Hakulitaka jina la mjane. Alimtaka mumewe. Alitaka kelele zake za asubuhi akitafuta kifuniko cha lenzi kilichokuwa mfukoni mwake mwenyewe, alitaka harufu ya jasho lake kwenye mto, na pikipiki yoyote ikisimama nje mkono wake ulisita juu ya karai mpaka abiria ateremke awe mtu mwingine. Mapenzi ya miaka mingi hayana aibu. Alimtamani waziwazi, mchana kweupe, katikati ya wateja.

Siku moja akaenda kwa Kamate na swali lake.

"Papa Kamate, angalia kwa ile mashini. Picha hizi anazituma toka wapi?"

Kamate aliufungua ukurasa wa Idrissa kwenye kompyuta, ukurasa ambao mtu yeyote duniani anaweza kuuona. Picha mpya hukaa juu, za zamani chini. Juu kabisa palikuwa na mkungu wa ndizi mbichi, na tarehe yake ilikuwa ya Januari, kabla ya vita kuingia mjini.

"Hatumi kitu, Mama Umi," Kamate akasema, na macho yake hayakutoka kwenye kioo. "Picha si sambaza. Batu banailipia, lakini yenyewe inabaki pale. Kesho mwingine analipia ile ile. Ni kama nyumba ya kupangisha."

"Hata mwenye nyumba akiwa hayuko?"

"Hata akiwa hayuko."

Shida alirudi kwa miguu, ingawa pikipiki zilikuwepo tele. Nyumbani alimkuta Fatuma anamsuka Umi na kumhadithia atakavyorudi baba. Akaketi, akamshikia kitana. Siku zikapita, miezi ikapita, na kila simu ilipolia Fatuma alisema alhamdulillahi na Shida akaitikia.

Lakini duka lisiloletewa bidhaa mpya wateja hulipungukia. Pesa zikaanza kuwa nyembamba, kila mwezi chini ya uliopita. Fatuma aliona. Kwanza aliacha sukari katika chai. Kisha akaacha chakula cha mchana, akisingizia tumbo. Mwisho siku moja Shida alimtengea ugali na sambaza, naye akaisukuma sahani.

"Mwandikie asitume tena," alisema Fatuma. "Huko kwenye iko anajinyima juu yetu. Hauoni vile inapunguka? Akule kwanza yeye. Sisi tuko na samaki."

Shida alikaa chini. Angeweza kuvumilia mengi, lakini si kumwona bibi yule anashinda njaa ili amshibishe mtu ambaye huenda hali tena.

"Mama, kula. Franga hazitoke mu mudomo yake."

Akamweleza yote, kabeji, mikono, nyumba ya kupangisha. Fatuma alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Kisha akaivuta sahani, akala tonge baada ya tonge mpaka akamaliza, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni bila kuyafuta.

"Basi sijui kama mutoto wangu anaishi," alisema akinawa.

"Hata mi sijui, mama."

"Sasa weye, ukitaka kukaa eda, sitakukataza tena. Ungali kijana."

Shida akaichukua sahani tupu, akaenda kuiosha.

Wiki hiyo hiyo Kamate alikuja na habari njema, au aliyodhani ni njema. Alikumbuka kwamba kwenye kompyuta ya Idrissa kuna picha nyingi ambazo mwenyewe hakuwahi kuzituma. Nywila anaijua. Akiziweka mtandaoni, pesa zitapanda tena, na mwenye nyumba anayewadai kodi ataacha kupiga kelele mlangoni. Fatuma alimtazama mkwewe.

"Ukiziweka, zitakaa wapi?" Shida akauliza.

"Juu ya zote. Kama kawaida."

"Na zile ndizi?"

"Zitashuka chini."

Shida alifikiri juu ya mwenye nyumba, na ada ya shule ya Umi, na bei ya mafuta ya kukaangia. Alizifikiri zote vizuri, maana si mjinga. Kisha alifikiri kwamba mahali fulani, labda Uganda, labda porini, labda katika gereza lisilo na jina, kuna simu, na anayeishika akipata mtandao hata dakika moja, kitu cha kwanza atakachofanya ni kupiga picha ya chochote kilicho mbele yake na kuituma. Hiyo ingekuwa juu kabisa. Asubuhi Shida angeamka, angefungua, angeiona.

"Acha, papa," akasema. "Pale juu ni pake. Mutu mwingine asikae."

Kesho yake alimpigia Jumaine mwenyewe, akamwambia eda hatakaa bado. Sasa huko Kituku hununua mabeseni mawili badala ya moja, na wavuvi wanalalamika mara mbili. Kila Ijumaa Fatuma akitoka msikitini, hata kabla ya kuvua viatu, huuliza, "Kuko picha mupya?"

Shida hukausha mikono, hufungua simu, hutazama.

"Bado, mama."