Siku Nilipozungumza na Kompresa Mbele ya Mama Mkwe

Chekeni tu, mtaa wetu mzima wa Kikula ulishacheka, na mke wangu mpaka leo akipika anaweka mwiko chini anacheka peke yake. Mimi nina karakana ya mageti, na nilipopata mashine ya plasma (ile inayokata bati nene la chuma kwa moto na hewa, laini kama unakata sabuni) nilibaki na shida moja tu, kompresa ya kuisukumia hewa. Na kompresa ya kweli ilikuwepo ng'ambo ya barabara, kwa mama mkwe wangu, Mama Astrid, anayeziba matairi ya malori. Chuma kikuukuu, tangi refu kama ng'ombe aliyelala, kinanguruma asubuhi mpaka jioni wala hakichoki.

Mke wangu akaniambia, "Tuombe kwa mama, iko na roho muzuri." Lakini mnajua mambo ya kwetu, mama mkwe humtazami usoni, humsemeshi ana kwa ana, ukimwona njiani unapinda, na salamu zangu zote zilikuwa zinapita kwa binti yake. Nikawaza, mwanaume mzima nifanye kazi kwa pumzi ya mama mkwe? Nikaenda sokoni nikachagua kakompresa kekundu, kanang'aa, kana magurudumu, hakana kelele, nikamuuliza muuzaji kama kanafikisha presha inayotakiwa, akasema kanafikisha. Na kweli kalifikisha! Ila presha ni kitu kimoja na wingi wa hewa ni kitu kingine, na hilo sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshakapenda.

Basi kanisa letu dogo likatafuta fundi wa geti jipya, lenye njiwa aliyekatwa ndani ya bati. Wengine walimtaka fundi wa Lubumbashi. Nikajipiga kifua, nikawaambia njooni karakanani, nimkate njiwa mbele ya macho yenu, asipowapendeza kazi mpeni huyo wa Lubumbashi. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, geti ambalo wanangu wangepitia kila Jumapili wakijua ni la baba yao.

Wakaja: mama mwenyekiti wa kamati, katekista na shati lake jeupe, na majirani ambao hakuna aliyewaalika. Mke wangu alikuwa ameenda ziwani Tshangalele kununua samaki. Nikavaa barakoa ya kuchomelea, nikaanza, mdomo wa njiwa ukatoka safi, kichwa safi, vigelegele, nikafika shingoni, hewa ikaisha na mashine ikazimika yenyewe. Nikangoja kakompresa kajaze tangi, nikaendelea kidogo, ikazimika tena, na kila nilipoanza upya chuma kiliota jino, shingo ya njiwa ikawa msumeno. Kakompresa kakapata moto. Mama mwenyekiti (Mungu ambariki) akakapepea na kitenge chake, lakini kalitetemeka, kakatembea kenyewe kwa magurudumu yake, mpira wa hewa ukachomoka na kumpulizia katekista vumbi lote la chuma.

"Papa Gloria," akaniambia akijipangusa, "hii iko njiwa ao iko bata?"

Hapo nikamwona Mama Astrid mlangoni kwake, mikono kiunoni. Mke wa kumtuma sina. Nikashusha barakoa mpaka kidevuni, nikainama, nikaanza kusema na kakompresa kwa sauti ya kuvuka barabara.

"Weye kadogo, umechoka. Kama kuko mukubwa wa kukusaidia, minye namuomba na heshima yote."

Na Mama Astrid, macho kwenye kompresa, si kwangu, akajibu:

"Weye kadogo, ambia ule mwenye kukununua, ile ya minye iko pale tangu zamani. Alikuwa anaogopa nini? Kompresa haina mukwe!"

Jamani, mama yule! Akamwambia dereva wa lori aliyengoja tairi, "Ngoja kwanza, kuko njiwa anakufa," akafungua koki ya chini kutoa maji yanayojikusanya kwenye tangi la hewa, akavuta mpira wake mrefu kukatisha barabara mpaka kwenye mashine yangu, magari yakasimama, hakuna aliyethubutu kupiga honi. Nikachukua bati jipya, nikakata mdomo, shingo, bawa kwa bawa, bila kusimama hata mara moja. Nilisikia chuma kile kikinguruma nyuma yangu na nilijisikia mtu mwenye wazazi.

Kazi nikapewa palepale. Na kwa furaha nikainua barakoa, nikageuka, nikamtazama machoni kabisa: "Mama, asante sana!"

"Yooo!" watu wakapiga kelele. Mama Astrid akajifunika uso na kitenge, mabega yanatetemeka, nikajua nimeharibu kila kitu, kumbe anacheka.

Ilibidi nipeleke kuku wa kuosha aibu ile, kama desturi inavyotaka, na tangu alipompokea ananisemesha bila kituo: "Mukwe, rangi ya geti yako inatiririka! Mukwe, umekula?" Kakompresa kekundu sasa kanajaza mipira ya watoto. Sitachagua tena mashine kwa uzuri wa rangi, na sitamkwepa tena mtu ambaye angenisaidia kwa kuombwa tu.

Ila yule njiwa wa kwanza, mwenye shingo ya msumeno, Mama Astrid mwenyewe aliomba apewe, akamtundika juu ya mlango wake wa matairi. Kila dereva akimuuliza huyo ni ndege gani, anaanza kusimulia tangu mwanzo, na mimi huku ng'ambo nashusha barakoa.