Mashuhuda wa Kifafa

Juzi kwenye kliniki moja hapa Babati, binti aliyekuja kupimwa kifafa alianguka akiwa anasubiri foleni. Benchi zima likahamia ukutani. Mnajua tena, hapa kwetu kifafa huambukizwa kwa kugusa. Madaktari wanakataa, lakini wao wanajua nini? Aliyebaki naye sakafuni ni mama yake tu, mkulima wa Nakwa, aliyemgeuza ubavu na kumwekea khanga chini ya kichwa.

Binti alipotulia, akatoka daktari kijana anayefanya utafiti wa kufuatilia wagonjwa wa aina hiyo.

"Shikamoo mama. Kilianzia upande gani?"

"Marahaba. Sijui mwanangu, mimi nilishika kichwa. Waulize hao, wameona vizuri."

Weee! Ukuta mzima ukapata sauti.

"Mkono wa kushoto!"

"Na macho yaligeukia kushoto!"

"Ulianza mdomo, nimerekodi!"

Daktari akaandika huku anatabasamu. Akasema maelezo kama hayo humsaidia sana kujua ni kifafa cha aina gani. Waheshimiwa wakavimba vichwa, wakaanza kusahihishana kama maprofesa.

"Asanteni sana. Sasa nisaidieni kumbeba hadi kitandani."

Maprofesa wote wakainamia simu. Yangu ilikuwa imeisha chaji, hivyo sikuwa na kisingizio. Nikashika miguu.

Niliporudi, benchi lilikuwa limejaa, isipokuwa pale alipokaa binti. Yule aliyerekodi akanionyesha kwa kidevu.

"Kaa hapo, kaka. Wewe si umeshamgusa?"