Sauti ya Shangazi Zulma

Fermín Etchart, jirani yangu hapa mjini Paysandú, ni mpole, na upole huo ndio unaomponza. Hawezi kumwambia mtu neno chungu. Huliweka tu mpaka lichache.

Yeye na Rossana, mchoraji, walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta, wawili tu, katika chumba cha nyuma kwake. Mchezo wenyewe ni wa kijiji kinachohama kabla bwawa halijakifunika. Wanakijiji wote walizungumza kwa maandishi. Basi Fermín akataka kujua mmoja wao, bibi wa kivukoni, angesikikaje akiwa na sauti, akamwomba shangazi yake arekodi sauti, ya kujaribia tu. Hilo la kujaribia tu hakulisema.

Kwetu mvua ikinyesha watu hukaanga tortas fritas, maandazi bapa ya unga wa ngano, na kila mvua Shangazi Zulma alikuja na bakuli lake lililofunikwa kitambaa. Mtoto wa jicho amemziba macho, hasomi tena. Fermín alimsomea mstari, naye akausema kwenye kinasa sauti, na mstari asioupenda aliubadilisha. Kwa muuza nyama alitutambia sote: "Nyinyi mtakufa. Mimi niko ndani ya kompyuta."

Halafu Rossana akasema lililokuwa wazi.

"Fermín, mmoja anaongea, kijiji kizima bubu. Waliojaribu wanadhani mchezo umeharibika. Ama wote wapate sauti, ama shangazi atoke."

"Wote hatuwezi."

"Basi jibu unalo. Na utamwambia wewe, mimi simo."

"Nitamwambia."

Alimtoa mchezoni siku hiyohiyo, na moyo ukamsuta kana kwamba amemfungia mzee nje ya nyumba. Kumwambia hakumwambia. Akimwona barabarani alivuka upande wa pili, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nilimwita mwoga, akakubali, na bado hakwenda.

Mchezo ukatoka. Mvua ya kwanza baada ya hapo nilikuwa kwake, Rossana naye yupo, mimi nimefuata tortas, sifichi. Shangazi Zulma akaingia ameloa mabega, amevaa hereni za sikukuu, akaketi mbele ya kompyuta.

"Haya, nipeleke kivukoni nijisikie."

Fermín alimpeleka. Angefanya nini? Bibi wa kivukoni akatokea, maneno yake yakajiandika chini, kimya. Shangazi akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Ongeza sauti, mwanangu."

Fermín akanyoosha mkono, akazungusha kitufe cha spika mpaka mwisho. Rossana akatazama sakafu. Niliona aibu kama vile mkono ule ni wangu.

Shangazi alisubiri. Mstari ukaisha, mwingine ukaja. Kisha akavua hereni moja, akavua ya pili, akazitia mfukoni.

"Mvua hii," akasema, "inafunika kila sauti." Akasukuma bakuli kuelekea kwa Fermín. "Kula, mwanangu, zinapoa."

Fermín akachukua moja, akashindwa kuitafuna. Nje mvua ilikuwa imekatika kitambo.