Popo Waliofukiwa Kando ya Uzio

Kwenye mitambo ya umeme wa upepo walimwita Bwana Safi, naye hakulikataa jina. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi chini ya mitambo, na alifyeka kama anayemnyoa mwanawe kichwa. Asubuhi akikuta popo au ndege aliyepigwa na mapanga ya mtambo yanayozunguka, alimchota kwa koleo akamfukia kando ya uzio. Hakutumwa na mtu. Aliona tu si vizuri kiumbe kuachiwa nzi.

Mwaka huo akaja mtaalamu wa popo, dada mcheshi mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Kila akija alizunguka ameinama, na kila mara aliondoka mikono mitupu.

"Kaka, popo wa hapa hawafi?" alimuuliza siku moja wakinywa chai kibandani. "Nataka wakubwa wasimamishe mitambo jioni, upepo ukiwa mdogo. Ndio wakati popo wanatoka kwa wingi. Lakini sina hata mzoga mmoja wa kuwaonyesha, na keshokutwa wanaamua."

Bwana Safi aliwakumbuka wale wa kando ya uzio. Akisema, kibarua chake kitaota nyasi. Akinyamaza, popo watazidi kukatwa. Akamwongezea chai, akazungumzia mvua.

Nyumbani mkewe alimtazama akichezea chakula. "Leo umemeza nini huko?"

Akamweleza yote.

"Basi baba, umewazika vizuri," mkewe akasema. "Sasa kawafukue."

Kesho yake alimpeleka yule dada kwenye uzio, akachimba bila kumtazama usoni. Mbawa zilizokauka na vifupa vikatoka, tena vikatoka. Dada akatandika gunia, akavipanga. Msimamizi akaja, akashika kiuno.

"Wewe nilikuajiri ufyeke au uchimbe makaburi?"

"Nilikuwa nasafisha, mkuu."

"Ungesafisha kidogo zaidi, tungeapa hapa hapajawahi kuruka kitu."

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Wakubwa waliliona gunia, wakakubali kusimamisha mitambo jioni za upepo mdogo, kwa majaribio. Bwana Safi hakufukuzwa. Alipewa amri moja tu: asiguse mzoga wowote mpaka dada auone. Amri hiyo ilimuuma kuliko karipio.

Wiki iliyofuata alikuta ndege mdogo chali kwenye nyasi alizofyeka jana yake, siafu wameshamfikia. Alinyosha mkono kwenye koleo, akaurudisha. Kisha akampa mgongo, akaendelea kufyeka.