Morisi ya Mzee Philbert

Severina hakuomba gari. Hilo lijulikane mapema, maana Ilomba nzima inaamini aliliomba. Wenzake wa kwaya wakipita uani na kuiona Morisi ya Kiingereza imekaa juu ya matofali, husema, "Mama Damari, wewe umependwa!" Naye hucheka, afanyeje.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Philbert, katekista wa Kalenga, Iringa. Siku ya kumaliza tanga, miaka sita iliyopita, mumewe Alinanuswe alikuta kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Akashikwa na huruma, na pombe kidogo. Akasimama mbele ya ukoo mzima.

"Mama mkwe, gari hii naibeba mpaka Mbeya. Nitaifufua kwa ajili ya mke wangu. Siku akija tena hapa, atakuja amekaa ndani yake."

Bibi Anjela akajibu palepale: "Vizuri, baba. Basi na mimi simsubiri kwa basi. Namsubiri kwenye gari hiyo."

Watu wakapiga makofi. Neno la mkwe mbele ya mama mkwe si la kuchezea, na jibu la mama mkwe ndilo kabisa. Severina alikuwa jikoni anapakua wali. Alifungwa bila kuulizwa.

Alinanuswe aliendesha malori miaka thelathini, akadhani kuendesha na kutengeneza ni ndugu. Hakujua kwamba nati za gari lile ni za inchi, na spana zake zote ni za milimita. Alizilazimisha mpaka nati zikaliwa pembe, na tangu hapo kila nati ikawa kesi. Injini ilihamia sebuleni, palipokuwa na kabati la vyombo. Gia boksi ililala chini ya kitanda. Sufuria ya sikukuu ikawa ya kuoshea vyuma kwa petroli. Krismasi ilikuja ikapita, Pasaka vilevile.

Severina akigusia basi, mume hununa siku mbili. "Unataka mama aseme nilimdanganya?" Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Pombe aliacha, alfajiri anaamka kupiga msasa milango, na mapenzi hayohayo yamemfungia mkewe nje ya kwao. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini hapa aliyevua ni mmoja na anayetetemeka kwa baridi ni mwingine.

Mwezi wa sita kaka yake, Adrian, alipiga simu: macho ya mama yanaingia ukungu, majirani sasa anawatambua kwa sauti. Severina alilia. Aliona wazi kwamba gari litafika siku ambayo mama hataweza kumwona anayeshuka.

Asubuhi akaaga kwamba anakwenda Rujewa kununua mchele, atalala kwa rafiki. Njia ya kuingilia Rujewa aliipita ndani ya basi la Iringa, kichwa ameinamisha kama mwizi.

Alimkuta mama uani anachambua maharage. Mama akamshika uso, akaugeuzia juani, akautazama sana.

"Umezeeka, mwanangu."

"Mama, nisamehe. Nimekuja kwa basi. Gari bado."

Bibi Anjela akacheka mpaka ungo ukamwagika. "Gari ile hata baba yako ilimshinda. Tulikuwa tunaisukuma kwenda kanisani."

"Sasa mbona ulisema utanisubiri kwenye gari?"

"Ningesemaje mbele za watu? Nimwaibishe mkwe wangu?" Akaanza kuokota maharage kwa kupapasa. "Nilijua utakuja tu. Mwaka wa kwanza, nikisikia basi, nilikuwa nasimama."

Severina alishikwa na hasira iliyokosa pa kwenda. Miaka sita imeliwa na adabu!

Simu ikalia. Alinanuswe, sauti juu kama kijana: "Mama Damari, umefika Rujewa?"

"Nimefika."

"Nimepata spana za inchi! Seti nzima! Ukiongea na mama, mwambie Krismasi hii, hakika."

Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini Bibi Anjela alikuwa amesikia yote. Akaweka mkono juu ya goti la binti yake, akanong'ona: "Mwambie naisubiri."

"Nimeshaongea naye," Severina akasema. "Anasema anaisubiri."

Kisha akamuuliza mama basi la asubuhi linapita saa ngapi, maana bado alikuwa na mchele wa kununua.